Kizimba cha pili cha diski kwenye seva: maswali yenu na majibu ya mafundi

Seva ikijaa, mtu hutazama uso wake wa mbele, akaona nafasi zilizozibwa kwa plastiki, akasema: hapo ndipo kizimba cha pili kitakaa. Ni kweli, ndipo kinapokaa. Lakini barua zilizotufikia zinaonyesha kwamba kizimba chenyewe ndicho kipande chenye taabu ndogo kuliko vyote. Taabu iko nyuma yake: kebo, kontrola, umeme na hewa.

Ili tuelewane: kizimba ni fremu ya chuma inayopokea trei za diski. Bakpleni ni ubao wa saketi uliofungwa nyuma ya kizimba, wenye soketi ambazo diski huingia. Kontrola ni kadi inayozisimamia diski hizo. Ekspanda ni kadi inayogawa njia chache za data za kontrola zifikie diski nyingi.

Swali: Tuna HPE ProLiant DL380 Gen10 yenye diski nane za inchi 2.5, zimejaa. Mbele kuna nafasi mbili tupu za vizimba. Nikinunua kizimba cha diski nane, nitakuwa nimekamilisha?

Jibu: Bado. Kabla ya kulipa, hakikisha furushi lina kizimba, bakpleni iliyokwisha kufungwa nyuma yake, kebo ya umeme ya bakpleni hiyo, kebo mbili za data, na vifuniko vinane vya nafasi tupu. Kebo ni mbili kwa sababu kila moja hubeba njia nne, na kila diski ya SAS au SATA (aina mbili za muunganisho wa diski) hutumia njia moja. Vizimba vingi vilivyotumika huuzwa bila kebo, na kebo hizo zina urefu na mikunjo iliyopimwa kwa modeli husika. Ukiletewa kizimba kitupu umenunua mbuzi kwenye gunia.

Baada ya hapo fungua mfuniko wa seva uangalie kontrola. Ikiwa ni Smart Array P408i-a, ina poti mbili za ndani, yaani njia nane, na kizimba cha kwanza kimeshazichukua zote. Kizimba cha pili hakina pa kuchomekwa. Unabaki na namna tatu za kulitatua hilo. Ya kwanza ni kubadili kontrola uweke P816i-a yenye poti nne, ambayo itahudumia diski 16 moja kwa moja. Ya pili ni kuongeza kontrola nyingine kwenye nafasi ya PCIe (soketi ya kadi za ziada kwenye ubao mama), kila kizimba kiwe na yake. Hapo kumbuka kwamba kundi moja la RAID, yaani diski kadhaa zinazofanya kazi kama hifadhi moja, haliwezi kuvuka kutoka kontrola moja kwenda nyingine. Ya tatu ni ekspanda, na ukiwa na nia ya kufikia diski 24 za mbele siku moja, ndiyo tunayoipendekeza, usije ukafungua seva hiyo mara mbili.

Nafasi za mbele katika modeli hii huhesabiwa kutoka kushoto: Box 1, Box 2, Box 3. Seva iliyoagizwa na kizimba kimoja cha kawaida huwa nacho upande wa kulia, Box 3. Ukiona zana ya usimamizi imeandika 1I:3:4, maana yake ni poti 1I ya kontrola, kizimba cha 3, nafasi ya 4. Zoea kusoma anwani hizo mapema, kwa sababu siku diski itakapokufa ndizo zitakazokuambia ipi ya kuvuta.

Swali: Nimeambiwa ekspanda hupunguza kasi. Ni kweli?

Jibu: Inategemea unaichomeka vipi na nini kiko nyuma yake. Piga hesabu. Njia moja ya SAS ya gigabiti 12 kwa sekunde hupitisha takriban megabaiti 1,200 kwa sekunde, kwa kuwa kila biti 8 za data husafiri kama biti 10. Kebo moja kati ya kontrola na ekspanda ina njia nne: 4,800. Kebo mbili: 9,600. Lakini kontrola nayo imekaa kwenye PCIe 3.0 ya njia nane, ambayo mwisho wake ni kama megabaiti 7,900 kwa sekunde. Kwa hiyo ukichomeka kebo zote mbili, kinachobana kwanza si ekspanda, ni nafasi ya kadi.

Sasa gawa kwa diski 24. Kila moja inapata kama megabaiti 330 kwa sekunde zikifanya kazi zote kwa pamoja. Diski ya sahani haifiki hapo, basi hutahisi upungufu wowote. SSD za SAS zinapita hapo kwa mbali, na kwa hizo ni heri kontrola mbili kuliko ekspanda moja. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni ekspanda kuunganishwa kwa kebo moja tu kwa sababu ya pili "ilibaki". Seva inawaka, diski zote zinaonekana, hakuna anayegundua, hadi siku ya kujenga upya kundi la RAID ndipo kazi inapochukua muda mrefu kuliko ilivyopangwa.

Jambo la pembeni linalowatia watu wasiwasi bure: ekspanda ya HPE ya seva hizi hukaa kwenye nafasi ya PCIe lakini huchukua umeme tu hapo. Data haipiti. Ukiandika lspci, amri inayoorodhesha kadi za PCIe, kwenye Linux hutaiona, na si kwamba imekufa. Itafute kwenye zana ya kontrola.

Swali: Bakpleni yangu ina soketi ya SFF-8087, ubao mama una poti nne za SATA. Nilinunua kebo yenye plagi ya SFF-8087 upande mmoja na plagi nne za SATA upande wa pili. Kila kitu kinaingia vizuri, lakini hakuna diski inayoonekana. Nimebadilisha diski zote nne.

Jibu: Diski zako hazina kosa. Kebo hizo ni za aina mbili, na kwa macho zinafanana kama pacha. Ya kwanza imetengenezwa kutoka kontrola kwenda kwenye diski nne. Ya pili imetengenezwa kutoka poti nne za ubao mama kwenda kwenye bakpleni. Ndani, jozi za kutuma na kupokea zimepangwa kinyume. Ukitumia ya kwanza mahali pa pili, upande unaotuma unakutana na upande unaotuma, na hakuna anayesikiliza. Haiunguzi kitu, inanyamaza tu. Agiza ile ya kinyume, inayotoka ubao mama kwenda bakpleni, na usome maelezo ya muuzaji, usiitegemee picha.

Kwa kuwa tuko kwenye kebo, tumalize habari yake. SFF-8087 ni plagi ya kizazi cha gigabiti 6, SFF-8643 ni ya gigabiti 12; zote hubeba njia nne lakini maumbo yao hayaingiliani. Kebo ya kuunganisha hizo mbili ipo na inafanya kazi, ila kasi itashuka hadi ya kizazi kidogo. SATA haitakiwi kuzidi mita 1 ya kebo. Plagi ikiingia lazima usikie "klik" ya ulimi wake wa chuma. Ivute kwa upole, ikitoka haikuwa imeingia. Wala usiikunje kebo kwa pembe kali ili ipite chini ya kikapu cha feni: nyaya zilizo ndani ni nyembamba, na zikibonyea makosa yake hujitokeza wiki kadhaa baadaye, seva ikiwa na kazi nyingi.

Kosa la mwisho la kebo ni kupishanisha poti. Kebo ya diski 1 hadi 4 ikichomekwa pa diski 5 hadi 8, mfumo unawaka kama kawaida na data zinasomeka, ila anwani zinadanganya. Zana inasema diski ya nafasi ya 2 imekufa, fundi anaivuta, kumbe amevuta nzima. Kwenye RAID 5 ambayo tayari imepoteza diski moja, kundi zima limeanguka. Tunaliandika hili kwa uzito wote: linganisha namba ya mfululizo (serial number) iliyo kwenye lebo ya diski na ile inayoonyeshwa na kontrola, nafasi kwa nafasi, kabla hujaikabidhi seva kazini.

Swali: Naomba mpangilio wa kazi yenyewe. Je, naweza kuongeza kizimba seva ikiwa inawaka, maana diski hubadilishwa bila kuzima?

Jibu: Hapana. Kinachobadilishwa seva ikiwaka ni diski ndani ya trei. Kizimba na bakpleni hufungwa seva ikiwa imezimwa na kebo zote mbili za umeme zimechomolewa ukutani. Kuzima kwa kitufe hakutoshi, kwani umeme wa akiba unabaki kwenye ubao mama.

Anza na nakala ya akiba ya data, na uijaribu kwa kurejesha faili kadhaa. Kisha andika kwenye karatasi kila diski iliyopo: nafasi yake na namba yake ya mfululizo. Sasisha programu ya ndani ya kontrola kabla ya kufungua seva, si baada, ili ikileta matatizo ujue hayakutokana na kizimba.

Zima, chomoa, subiri taa za ubao mama zife. Toa seva kwenye raki uiweke mezani. Kusukuma kizimba ukiwa umeinama mbele ya reli ni namna nzuri ya kupinda pini. Vaa mkanda wa kuondoa umemetuamo. Ondoa mfuniko, kinga ya hewa ya plastiki, na kikapu cha feni. Bila kuondoa kikapu cha feni mkono haufiki nyuma ya bakpleni, na wanaojaribu hivyo ndio wanaoacha plagi nusu.

Toa kizibo cha mbele, sukuma kizimba ndani taratibu hadi kikae sawa na kile cha jirani. Hapo tazama ukingo wake kwa jicho moja: ukiona kimetokeza hata milimita mbili, kuna kebo imelaliwa nyuma. Kitoe, usikilazimishe. Kikikaa, kaza skrubu zake. Chomeka kwanza kebo ya umeme ya bakpleni, halafu za data, poti ya kwanza na ya kwanza, ya pili na ya pili. Laza kebo ubavuni mwa chasisi ndani ya vishikizo vyake, rudisha kikapu cha feni, na uzungushe kila feni kwa kidole kuona kama kuna kebo inayogusa mapanga.

Washa seva bila diski yoyote mpya. Hakikisha kontrola inakitaja kizimba kipya na kwamba kundi la zamani liko salama. Ndipo uchukue diski moja ya majaribio, isiyo na data, uipitishe nafasi zote nane moja baada ya nyingine: isukume, subiri taa, angalia anwani iliyotokea, itoe. Dakika kumi na tano zinatosha. Nafasi mbovu ikijulikana leo ni bakpleni ya kurudisha kwa muuzaji. Ikijulikana baada ya kundi la RAID kujengwa juu yake, ni usiku wa mashaka.

Ukitoa diski ya sahani inayozunguka, fungua komeo, ivute sentimita mbili au tatu ili iachane na soketi, kisha ngoja kama nusu dakika sahani zisimame ndipo uitoe nje.

Swali: Trei za seva yetu ya zamani zinaweza kutumika kwenye kizimba kipya?

Jibu: Usikisie. Trei za ProLiant za Gen7 haziingii kwenye Gen8, ingawa zote ni za inchi 2.5 na jina la kampuni ni lile lile. Linganisha namba ya sehemu. Skrubu za diski za inchi 2.5 ni M3, tena fupi. Ndefu kupita kiasi hupenya hadi kwenye ubao wa diski. Za inchi 3.5 ni za kipimo cha 6-32, na M3 hazishiki humo.

Swali: Tumenunua diski 12 za SAS zilizotumika, zilitoka kwenye mfumo mkubwa wa hifadhi. Kizimba kinawasha taa, kontrola inaziona lakini inakataa kuziweka kwenye RAID. Nyingine mbili, za SATA na kubwa zaidi, hazizunguki kabisa.

Jibu: Ni matatizo mawili tofauti.

Hizo 12 inaelekea zimepangwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Mifumo mingi ya hifadhi hutumia baiti nane za ziada kwa ukaguzi wa data, na kontrola ya kawaida haijui la kufanya nazo. Zichomeke kwenye kadi isiyo ya RAID, inayoonyesha diski moja kwa moja kwa Linux. Tafuta jina la kila diski kwa lsscsi -g, hakiki ukubwa wa sekta kwa smartctl -i, kisha upange upya kwa sg_format --format --size=512 /dev/sgX, ukiweka namba halisi badala ya X. Data yote inafutika. Diski kubwa huchukua saa kadhaa, na umeme ukikatika katikati diski hubaki haisomeki hadi uanze upya, kwa hiyo fanya kazi hiyo juu ya UPS. Unaweza kupanga diski zote 12 kwa wakati mmoja, kwani kazi hufanyika ndani ya diski zenyewe.

Hizo mbili za SATA zichunguze kwa jicho lingine. Baadhi ya diski za miaka ya karibuni huwa na uwezo wa kuzimwa kupitia pini ya 3 ya umeme. Bakpleni au kebo ya zamani inayopeleka volti 3.3 kwenye pini hiyo huiambia diski ikae imezimwa, nayo inatii. Namna ya kuthibitisha: ichomeke kwenye mashine nyingine ambayo umeme wake hauna volti 3.3. Ikizunguka, diski ni nzima. Dawa ni kubadili toleo la diski hiyo lisilo na uwezo huo, au kutumia bakpleni isiyopeleka volti 3.3.

Na diski za sekta za 512 msizichanganye na za 4Kn, yaani za sekta za baiti 4,096, katika kundi moja. Kontrola nyingi hukataa, kama zinavyokataa SAS na SATA kundi moja.

Swali: Kizimba kipya kilikaa vizuri wiki tatu. Sasa diski hudondoka kwenye kundi, leo hii, kesho ile. Tumeshabadilisha tatu.

Jibu: Acheni kubadilisha diski. Diski moja ikifa, ni diski. Diski tofauti zikidondoka kwa zamu ndani ya kizimba kimoja, tatizo ni kitu wanachoshirikiana: kebo, bakpleni, umeme au joto.

Soma vihesabu. Kwa SATA, smartctl -A, kipengele cha 199, huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na kontrola. Kwa SAS, smartctl -x huonyesha kasi iliyokubaliwa na makosa ya kila poti, ikiwemo "Invalid DWORD count" na "Loss of DWORD synchronization". Andika namba za leo, kisha za kesho saa hiyo hiyo. Namba ya zamani isiyopanda haina maana. Inayopanda ndiyo ushahidi. Kama zinazopanda ni nafasi 1 hadi 4 tu, kebo moja inazihudumia, na hiyo ndiyo mshukiwa. Kama ni zote nane, tazama umeme wa bakpleni. Kama ni nafasi moja, iwe diski yoyote, ni soketi.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anza kwa kupishanisha kebo mbili kwenye ncha zote, upande wa kontrola na upande wa bakpleni, ili anwani zisibadilike. Makosa yakihama na kebo, umempata. Mkibadilisha kebo na bakpleni siku moja mtapona bila kujua dawa ilikuwa ipi.

Pia ulizeni joto la diski. Kizimba cha pili huongeza mzigo wa hewa, na mtu akiacha nafasi tupu bila vifuniko, feni huvuta hewa kupitia matundu hayo kwa sababu ni rahisi, zikaacha kupitisha kati ya diski. Vifuniko si pambo. Kwenye DL380 Gen10 seva ya prosesa moja huwa na feni nne, ya prosesa mbili sita. Vizimba vingine, hasa vya NVMe (SSD zinazotumia njia za PCIe), hudai feni za nguvu kubwa, na hizo hazichanganywi na za kawaida. Ni seti nzima au basi.

Swali: Pawa saplai ya wati 500 itatosha diski 12 za inchi 3.5?

Jibu: Zikishazunguka, huenda. Zikianza, usitegemee. Diski ya inchi 3.5 huweza kuvuta kama ampea 2 kwenye volti 12 inapoanza kuzunguka. Kumi na mbili kwa pamoja ni ampea 24, yaani wati 288 kwa sekunde chache, kabla hujahesabu prosesa, kumbukumbu na feni ambazo wakati huo zinakimbia kwa kasi yote. Washa kipengele cha kontrola cha kuanzisha diski kwa zamu. Na ukiwa na pawa saplai mbili, hesabu kwa moja: ya pili ipo ili ya kwanza ikifa seva isizime.

Swali: Naona diski za NVMe za U.2 zina umbo sawa na za SAS. Naweza kuziingiza kwenye kizimba changu cha SAS?

Jibu: Umbo ni moja, nyaya ni nyingine. NVMe ya U.2 huhitaji njia nne za PCIe kwa kila diski, moja kwa moja hadi kwenye prosesa au kupitia swichi ya PCIe. Ekspanda ya SAS haiwezi kuzibeba. Diski nane ni njia 32. Xeon Scalable ya kizazi cha kwanza ina njia 48 kwa prosesa, nazo zinagombewa na kadi za mtandao na kontrola, ndiyo maana vizimba vya NVMe mara nyingi hudai prosesa ya pili iwepo. Ongeza umeme: kila U.2 inaweza kufika wati 25, nane ni wati 200 za joto mbele ya feni zako.

Vipo vizimba vinavyopokea aina zote tatu, SAS, SATA na NVMe, kwa bakpleni ya U.3 pamoja na kontrola inayoelewa lugha zote tatu. Diski za U.3 hukubali kuingia kwenye nafasi ya U.2, lakini diski ya U.2 haifanyi kazi kwenye nafasi iliyounganishwa kwa U.3 pekee. Muulize muuzaji namba ya sehemu ya bakpleni, si ya kizimba, kisha uilinganishe na mwongozo wa seva yako kabla ya kuagiza.